Galaksi Aliyoiona Nsaa

Tulimzika Nsaa mwezi uliopita huko Akheri, kwenye migomba ya nyumbani kwa mumewe. Mvua ilinyesha tangu asubuhi hata mchungaji akafupisha mahubiri, jambo ambalo marehemu angelifurahia sana. Binti yangu alinishika kiwiko kutoka barabarani hadi kaburini, akinisomea njia: mama, hapa pana mzizi, hapa pana maji, hapa inua mguu. Nikainua mguu kila nilipoambiwa, kama ng'ombe anayepandishwa kwenye lori. Walipoita marafiki waje kuweka mashada nilisogea na langu, nikainama, nikaliweka kwa heshima zote, na nikasikia watu wa mbele wakijikohoza. Baadaye binti yangu aliniambia kuwa nililiweka juu ya viatu vya mchungaji. Nilicheka, kisha nikalia kwa mara ya kwanza tangu nipate habari, kwa sababu mtu ambaye angenicheka vizuri kwa jambo hilo, na kulisimulia miaka kumi, ndiye tuliyekuwa tunamfukia.

Macho yangu yamebakiwa na tundu dogo katikati. Nikikutazama naona pua yako na mdomo. Masikio naamini tu kwamba yapo. Naandika kwa kalamu nene, herufi kubwa za darasa la kwanza, na binti yangu anapiga chapa huku akilalamikia mwandiko. Watu huniuliza niliacha kuona lini, kwa sauti ileile wanayoulizia mtu alistaafu lini. Sikuacha siku moja. Lakini upo mwaka mmoja ambao niliogopa kuliko miaka mingine yote niliyojaliwa, na walioujua woga ule tulikuwa watatu: mimi, Nsaa, na Mzee Harbans aliyekuwa mwenye nyumba wetu. Mzee alitangulia zamani. Sasa Nsaa naye ameondoka, na yeye ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyewahi kuiona ile galaksi kwa macho yake mwaka ule. Mimi niliichora mara nne na sikuiona hata mara moja. Nimekwisha kusema uongo mwingi juu ya jambo hili, na sasa hakuna aliyebaki wa kunisahihisha, basi ni bora niseme kweli.

Nilikuwa na miaka ishirini. Mimi na Nsaa tulipanga chumba kimoja uani kwa Mzee Harbans, Kaloleni, karibu kabisa na uwanja wa mpira, hata Jumapili tulijua matokeo kwa kelele kabla redio haijatangaza. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, pazia katikati, cherehani ya Nsaa chini ya dirisha, na jiko la mkaa ambalo mchana lilikaa ndani na jioni mlangoni. Nsaa alikuwa fundi wa nguo za kike. Alipika loshoro nzito ya mahindi na maziwa ya mgando, akala akiwa amesimama, akiniambia habari za makalio ya wateja wake kana kwamba ni habari za serikali. Kile chumba nilikijua kwa hesabu. Kutoka mlangoni hadi kitandani hatua nne, kutoka kitandani hadi ndoo ya maji hatua mbili na nusu. Nsaa akiisogeza ndoo nilikasirika kupita kiasi, naye akaniita askari wa ndoo. Tukitoka jioni alinishika mkono akidai anaogopa mbwa wa mtaani. Nilimshika, nikamcheka kwa uoga wake, nikajiona shujaa. Krismasi nilipokwenda naye kwao nilikuta mbwa wanne wakubwa wakimrukia kwa furaha, na yeye akiwapigapiga mgongoni kama ndugu zake.

Mchana nilikuwa mtu mwingine kabisa. Nilikuwa mchoraji ramani, mwaka wa kwanza, katika muda wa majaribio. Nilikaa kwenye meza iliyoinama karibu na dirisha, na kalamu ya wino yenye ncha nyembamba kuliko sindano, nikanakili mipaka ya viwanja na mifereji kutoka kwenye michoro ya wapima ardhi. Mkono wangu ulikuwa mzuri. Sisemi kwa kujisifu. Watu wa ofisi nyingine waliletwa kuuona. Jicho langu lilipotua juu ya karatasi hakuna mstari uliolikimbia. Ila nikiinuka tu, niligonga kona ya kabati, niligonga mtu, nilimwaga chai ya mtu ambaye alikuwa amesimama kando yangu muda wote. Siku moja nikiwa chumba cha majalada nilimsikia bosi wetu upande wa pili wa ukuta wa mbao akizungumza na karani. Alisema, yule binti mkono wake ni wa dhahabu, lakini ana nini, mbona anatukanyaga? Karani akasema labda anaringa. Bosi akasema mwezi wa kwanza ndiyo anathibitishwa kazini, kuna fomu ya afya, itajulikana huko. Nilibaki na majalada kifuani, nikawasubiri waondoke ndipo nitoke.

Ule ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Ilipofika saa moja jioni mji ulizimwa, na wengine walilaani wakalala mapema, lakini wapangaji wa uani kwetu walitoa mikeka nje wakakaa. Jioni ya kwanza niliwasikia wakinyamaza mmoja baada ya mwingine. Mama mmoja akasema, jamani, nyota zimemwagika leo. Mwingine akasema hajawahi kuona kitu kama hicho tangu aondoke kijijini. Nikainua uso. Niliona nyota saba. Nilizihesabu upya, nikihamisha macho polepole kama mtu anayepapasa funguo, nikapata saba tena. Tangu utotoni nilisikia watu wakisema nyota hazihesabiki, nikadhani ni namna ya kusema tu, kama mtu anavyosema anakufa kwa njaa huku ameshiba. Jioni ile ndipo nilipoelewa kwamba wenzangu walikuwa wakiona kitu, na kwamba walikuwa wakikiona siku zote. Nikasema, kweli zimemwagika. Nikaingia ndani, hatua nne, nikajifunika shuka.

Nilijua ninachokiogopa, ingawa sikuthubutu kukipa jina. Mama mdogo wangu mmoja, upande wa juu wa Meru, alianza kwa kujikwaa jioni alipokuwa na umri kama wangu. Wakamwita mzembe. Baadaye wakasema amerogwa, kwa sababu uzembe hauelezi kwa nini mtu aingie kwenye moto aliouwasha mwenyewe. Nilipomfahamu mimi alikuwa ameshafungiwa kamba ya katani kutoka mlango wa nyumba hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi chooni, naye alitembea ameishika kwa vidole viwili, haraka, bila kutazama popote. Kamba ilikuwa imeng'aa kwa mafuta ya mikono yake. Sisi watoto tuliichezea, tukaitikisa upande wa pili ili tumsikie akiuliza nani huyo. Mwaka ule wa mgao niliikumbuka ile kamba kila siku. Nikiwa mezani ofisini nachora mstari, naiona kamba.

Mzee Harbans alikuwa Singasinga mwenye ndevu nyeupe, aliyezaliwa hapahapa Arusha na kumaliza maisha ya kazi kwenye gereji yake, akichonga vyuma. Alipostaafu alitengeneza darubini. Kioo chake alikisugua mwenyewe juu ya pipa, kioo kinene juu ya kingine, na unga wa kusugulia katikati, akizunguka pipa miezi kadhaa mpaka mkewe, Mama Jasbir, akasema anaishi na ng'ombe wa kinu. Bomba la darubini lilikuwa la bati. Aliiweka juu ya paa la zege, palipopandwa kwa ngazi ya nje yenye vidato kumi na vinne. Alasiri moja ya Jumapili alinikuta mlangoni namchorea Nsaa mfano wa gauni. Akaichukua karatasi, akaisogeza karibu sana na uso, akaitazama kwa muda mrefu. Akasema mkono huu ndio aliokuwa akiutafuta. Kuna kitu mbinguni, upande wa kusini, anataka kichorwe vizuri kabla hajafa, na mkono wake yeye siku hizi unatetemeka. Ulikuwa unatetemeka kweli, ndiyo maana sikushuku neno. Ningekataa ningetakiwa kutoa sababu, na sababu yangu ilikuwa moja tu. Nikasema, nitakuja, Mzee.

Basi kuanzia Oktoba nilipanda paa lile, jioni moja kila baada ya majuma mawili hivi, mbingu ikiwa safi. Tuliupa mgongo Mlima Meru, tukaelekea kusini, na Mzee akaanza kazi kwa namna yake. Hakuchungulia kutafuta. Chuma cha kuzungushia darubini alikikata alama kwa tupa, naye alizihesabu kwa kidole gumba, akinong'ona, kisha akasubiri redio ya betri ilie saa mbili kamili kabla ya taarifa ya habari. Ikilia tu, alikaza nati. Alinieleza kwamba nyota hutangulia kidogo kila siku, kwa hiyo kila baada ya siku chache lazima arudi nyuma alama moja. Nilimwona ni mtu wa ajabu, anayeifahamu mbingu kama anavyofahamu mashine yake. Akikaza nati aliinamisha uso kwenye tundu, akakaa, akasema neno moja: "Ipo." Kisha akanipisha.

Nami niliweka jicho nikaona weusi. Alinifundisha kwamba kitu hafifu namna ile hakitazamwi chenyewe. Ukikikazia macho kinakimbia. Utazame kando yake kidogo, nacho kitakuja chenyewe pembeni mwa jicho. Nikatazama kando, weusi. Nikatazama kando ya kando, weusi uleule, mzito, kama nimevishwa gunia. Nikasema, naiona, Mzee. Akafurahi. Akaanza kunisimulia ninachokiona: imelala mshazari, ndefu, katikati imeng'aa, na mikono yake inajizungusha kutoka katikati kama maji yanavyozunguka yanapoingia kwenye tundu la karo, na kila chembe ya mikono hiyo ni majua, maelfu kwa maelfu. Nikaketi karibu na taa ndogo aliyoifunga kitambaa chekundu, nikachora alichokisema. Nilitumia nukta, kama tunavyochora mchanga kwenye ramani. Kesho yake mchana aliibeba karatasi juani, akaisogeza usoni, akasema, hii ndiyo, binti, hii ndiyo yenyewe. Hakuna aliyewahi kunisifu vile. Ya pili niliibadilisha kidogo, kwa ujanja, maana nilijua mtu mkweli hachori kitu kilekile mara mbili sawasawa. Nilipofika ya tatu nilikuwa naogopa vitu viwili: kupofuka, na kukamatwa.

Mama Jasbir alitupikia tukishuka. Chapati za moto, dengu, na achari ya ndimu iliyokuwa kali hata machozi yakanitoka kwa sababu halali. Mezani ndipo Mzee alipenda kuzungumza. Alisema nuru ya galaksi ile ilitoka huko kabla Mlima Meru haujawepo, kabla ya mtu yeyote kuwa mtu, na imesafiri muda wote huo bila kusimama hadi inafika Kaloleni. Alilisema kama habari njema. Mkewe alimwambia ale, chakula nacho kinasafiri kuelekea kwenye baridi. Mimi niliirudisha chapati sahanini. Leo hii, nikiwa na umri wake wa wakati ule, bado naikumbuka ile hofu na ladha yake ya ndimu. Niliona kitu kimetembea kote huko, kwa uvumilivu wote huo, na kinafika kwenye jicho langu kinakuta mlango umefungwa. Halafu Mzee alijimiminia chai, ameweka kidole ndani ya kikombe ukingoni. Nikadhani ni desturi ya kwao.

Jioni ya mara ya nne ilikuwa Novemba. Mvua za vuli zilikuwa zimetupumzisha siku mbili. Mdomo wa darubini ulifunikwa na mfuko wa flaneli nyeusi ili umande usiingie, mfuko ambao Nsaa ndiye aliyeushona, na kazi ya kuuvua ilikuwa yangu. Siku hiyo nilichelewa kazini. Nilipopanda, nikivihesabu vidato, nilimkuta Mzee ameshakaa, amekunja mikono, nikajua ameuvua. Yeye alisikia nguo yangu ikipita karibu na bomba, akajua nimeuvua mimi. Redio ikalia. Akahesabu alama, akakaza nati, akainamisha uso. Akasema ipo. Leo iko safi kuliko siku zote. Nikaweka jicho, nikasema, kweli Mzee, leo iko safi. Nikakaa penye ile taa nyekundu nikaanza kuweka nukta, naye akasimama nyuma yangu akinisimulia mikono inavyojipinda, na mimi nikaipinda. Tulifanya hivyo karibu nusu saa. Tulikuwa tunaelewana vizuri sana.

Nsaa alipanda na chupa ya chai aliyopewa na Mama Jasbir. Nilimsikia akifika kileleni mwa ngazi, akasimama.

"Mbona mfuko bado uko juu?" akauliza.

Nilishika kalamu, na nikahisi nukta niliyoianza inavuja kwenye karatasi, inapanuka. Mzee alinyoosha mkono gizani, akapapasa bati mpaka akaigusa flaneli. Akaiacha. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba.

"Binti," akasema, "umechora nini?"

"Nimechora ulichoniambia, Mzee."

"Na jioni zile nyingine?"

"Ulichoniambia."

Akasema, "Mimi tangu mwaka juzi sioni kitu humo. Nilikuwa nakuambia ninachokikumbuka. Nikatumaini macho yako."

"Mimi sijawahi kuona, Mzee. Hata nyota naona saba tu."

Nililisema kwa mara ya kwanza maishani, na nililisema kwa heshima kana kwamba namjibu amkio. Nilimsubiri acheke au akasirike, lolote, na yeye alikuwa ananisubiri mimi. Nsaa alikuwa ameshaweka chupa ya chai chini. Aliuvua mfuko, akaukung'uta, akaukunja vizuri kama kazi ya mteja, kisha akainama kwenye tundu bila kuombwa. Akakaa huko. Mzee akamuuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama ipo. Nsaa akasema kuna kitu. Kama chaki iliyofutwa ubaoni kwa kiganja. Mzee akauliza mikono je. Nsaa akasema mikono gani, hamna mikono humu, ni doa refu tu. Hapo Mzee ndipo alipocheka, kicheko kilichokauka, akakiri kwamba mikono ameitoa kwenye picha ya kitabu. Darubini ya ukubwa ule haiwezi kuionyesha, hata alipokuwa na macho mazima hakuiona. Nsaa akainuka, akasema kwenye Biblia yetu tulisoma kwamba kipofu akimwongoza kipofu wote wawili hutumbukia shimoni, hatukuambiwa kwamba hupanda paani. Akatumiminia chai. Aliniwekea kikombe mkononi na kuvifunga vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja, na kwa kitendo hicho nikajua anajua tangu siku nyingi.

Macho ya Mzee yalikuwa na mtoto wa jicho, na alikuwa amemficha mkewe kwa sababu aliogopa kisu. Mkewe, tuligundua, alijua muda wote, akimtengea vitu palepale ili asijigonge. Mzee aliamua haraka. Kesho yake asubuhi aliniita akasema tutakwenda Moshi wote wawili, kwenye hospitali ya macho, akatwe yeye na nitazamwe mimi. Nikasema sawa, Mzee. Nikakwepa majuma matatu. Nilimwambia nina kazi nyingi, nilimwambia nina homa, nilikwenda kusali ibada zote mbili Jumapili ili nisikutane naye. Niliona hivi: nisipotazamwa, hakuna karatasi; pasipo karatasi, fomu ya mwezi wa kwanza naijaza mwenyewe, kwamba sina maradhi. Akili ya mtu mwenye hofu ni kama ya kuku, huficha kichwa akasema amejificha mzima. Nsaa alinitazama nikitafuta kiatu kilichokuwa mbele yangu, akasema kwa upole ambao haukuwa kawaida yake, mficha maradhi kilio humfichua. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ashone nguo zake. Hakunishika mkono jioni hiyo, nilimkataza.

Jioni hiyohiyo nilitumbukia kwenye mtaro wa kando ya uwanja. Ulikuwa mtaro ninaoujua, niliupita kila siku, lakini mtu alikuwa ameondoa ubao wa kuvukia akaenda nao. Nilianguka kwa kifua, maji machafu hadi kiunoni, na nilipoinua uso sikujua upande upi ni wa barabara na upi wa ukuta. Nilisikia watu wakipita na mazungumzo yao, karibu sana. Sikuita. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo ninapolikumbuka, kuliko maji, kuliko goti lililopasuka: kwamba nilikaa humo kimya, nikaona ni afadhali mtaro kuliko kuulizwa. Mikono yangu ilikuwa inapapasa ukuta wa mtaro kwa urefu, huku na huku, na nikatambua inatafuta kamba. Nikaanza kulia kwa sauti, na Nsaa, aliyekuwa akinifuata nyuma kwa hatua ishirini, akashuka mtaroni na viatu vyake vya kanisani.

Niseme hapa, ili lisije likanikatiza mbele: kazini nilithibitishwa. Bosi aliisoma barua ya daktari mara mbili, akasema mipaka ya viwanja huchorwa mchana, akasaini, na akaamuru kabati la kwenye kona liondolewe. Nilichora miaka kumi na tisa. Mwaka wote ule niliogopa mtu ambaye hakuwa na sababu ya kuogopwa. Lakini sikuyajua hayo wakati tunakwenda Moshi, Desemba, mimi na Mzee Harbans na Mama Jasbir, na kapu la chapati ambalo hakuna aliyeligusa. Mzee alikaa dirishani. Mara mbili aliniuliza kama Kilimanjaro imetoa kichwa, na mara mbili nilimwambia imefunikwa, na ilikuwa kweli.

Mzee walimwingiza chumba kingine. Mimi nilipelekwa kwa daktari mwanamke, mtu mzima, mpole, aliyeniita mwanangu. Alizima taa. Alinikalisha mbele ya kitu kama bakuli kubwa jeupe lililolazwa ubavu, akaniambia niweke kidevu hapa, nifunge jicho hili, nikaze lingine kwenye nukta nyeusi ya katikati, nisiiache. Akasema vimwanga vidogo vitakuja kutoka pande zote. Kila nikiona kimoja, nigonge meza kwa kidole. Nikasema nimeelewa. Niliikaza ile nukta kama ninavyoikaza nukta ya ramani. Niliiona vizuri sana, kingo zake zote, nikapata moyo. Nikasema moyoni, ikiwa ni nukta tu hawanipati. Nikaweka kidole tayari juu ya meza. Nilimsikia daktari nyuma ya bakuli akisogea kwenye kiti, akiandika, akisogea tena, akiandika tena. Nilidhani anajaza jina langu na umri. Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga. Nje watu walikuwa wanaitwa majina. Kidole changu kilianza kuchoka kwa kungoja, na niliona vibaya kumharakisha mtu mzima kazini kwake, lakini mwishowe nikamuuliza, shikamoo yangu bado iko mdomoni, tunaanza saa ngapi.

Akaacha kuandika.

"Pembeni tumeshamaliza, mwanangu," akasema. "Sasa ndiyo nakuja katikati."